Mkimbiaji wa Mchango Apewe Ruhusa ya Kusimama

Tarehe 24 Machi 2007 mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika Mombasa, kwenye uwanja wa gofu ulio kando ya bahari. Ilikuwa wakati wa maleleji: kaskazi imekwisha nguvu, kusi haijashika, hewa imesimama. Joto lilipita nyuzi 30 na unyevu ulikuwa mzito. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuwa ametwaa taji la mbio ndefu miaka mitano mfululizo. Siku hiyo, katika mzunguko wa mwisho, alitoka njiani akaacha. Zersenay Tadese akashinda, akawa bingwa wa kwanza wa dunia wa mbio za nyika kutoka Eritrea. Wakimbiaji wengine wengi, watu wanaojulikana ulimwengu mzima, nao hawakufika mwisho.

Nimesikia kisa hicho kikisimuliwa barazani kama habari ya kushindwa. Mimi, ambaye kazi yangu ni kutibu na kuandaa miili ya wanamichezo, nakisimulia vingine. Mwaka uliofuata Bekele alirejesha taji lake kule Edinburgh, kisha mwezi Agosti akanyakua dhahabu mbili za Olimpiki mjini Beijing, mita 5,000 na mita 10,000. Mwili uliosimama kwa wakati wake ulibaki mzima wa kukimbia tena. Na hapakuwa na mtoto mgonjwa aliyeahidiwa matibabu kwa sharti kwamba Bekele afike utepeni. Aliweza kusimama.

Nasema haya kwa kuwa siku hizi hunijia vijana, wengi wao wa Bondeni na Mji wa Kale hapa Mombasa, wenye azma ya kwenda kukimbia jangwani ili wachangishe pesa. Huyu ana shangazi anayesafishwa damu hospitalini na amejionea foleni ya mashine. Yule anataka karo ya mayatima wa mtaani kwao. Mwingine amemzika rafiki aliyeharibiwa na unga wa kulevya na anataka kuwasaidia waliobaki. Ni azma njema, na ninaisaidia kwa moyo wote. Lakini kabla ya kumpima mtu presha humuuliza: ukisimama katikati ya njia, pesa zitakuwaje? Wengi hawana jibu, na wengine huona nawatakia mabaya. Ukweli ni kwamba jibu la swali hilo huamua jinsi mtu atakavyokimbia siku ya tatu, jua likiwa utosini na kichwa kikianza kuzunguka.

Mbio zinazotajwa zaidi ni Marathon des Sables ya Morocco. Ilianzishwa na Mfaransa Patrick Bauer, ambaye mwaka 1984 alivuka peke yake sehemu ya Sahara upande wa Algeria kwa miguu, akibeba chakula na maji yake, kilomita zipatazo 350. Miaka miwili baadaye akaandaa mbio. Mkimbiaji huenda takriban kilomita 250 kwa hatua kadhaa ndani ya juma moja, akibeba mgongoni chakula cha siku zote, mfuko wa kulalia, dira, kisu, filimbi na kioo cha kuitia msaada. Waandalizi humpa maji, na hema la kulala. Kwa jamaa zetu walioko Oman ipo ya karibu zaidi, Oman Desert Marathon, kilomita 165 katika mchanga wa Bidiya. Hapa Kenya ipo For Rangers Ultra, iliyoanza 2018, kilomita 230 kwa siku tano katika hifadhi za Laikipia, nayo ni ya kuchangia askari wa wanyamapori. Laikipia si jangwa, ila ni nyika kavu ya juu yenye jua kali, na ningependa kijana wa kwetu aanzie huko kabla ya kufikiria Sahara. Nauli ni ya basi, na akiumia yuko nyumbani.

Sasa joto. Watu wengi wa pwani hudhani wamezaliwa tayari: tumekulia humu, joto la jangwa litatufanya nini? Kuna ukweli ndani yake, na kuna hatari.

Misuli inapofanya kazi, sehemu ndogo tu ya nishati ndiyo inayokuwa mwendo. Sehemu kubwa, kama robo tatu au zaidi, hugeuka joto. Mtu wa kilo 65 anayekimbia kilomita 10 kwa saa huzalisha joto la kilokalori zipatazo 500 kila saa, na akikosa njia ya kulitoa atazimia kabla ya saa kuisha. Njia kuu ya kulitoa ni jasho. Lakini jasho halipozi mwili kwa kutoka, hupoza kwa kukauka juu ya ngozi. Lita moja ya jasho ikikauka yote hubeba joto la takriban kilokalori 580. Kwa hesabu hiyo, lita moja tu kwa saa ingemtosha mkimbiaji wetu, ilimradi ikauke.

Mombasa haikauki. Hewa yetu imeshiba maji tayari, hivyo jasho hutiririka, hulowesha fulana, hudondoka lami, na kila tone linalodondoka ni maji na chumvi vilivyopotea bila kumpoza mtu. Mwili unaona joto halipungui, unaongeza jasho. Ndiyo sababu ya yale yaliyowapata mabingwa 2007. Wengi wao walikuwa watu wa nyanda za juu zenye hewa baridi na kavu, na mbinu ambayo miili yao iliitegemea siku zote ilikataa kufanya kazi.

Jangwani mambo hugeuka. Hewa kavu hunyonya jasho mara litokapo, na ngozi hubaki kavu na yenye vumbi la chumvi. Mkimbiaji wa Bondeni, aliyezoea kujua kiasi cha jasho lake kwa kukamua fulana, hujitazama na kujiona hajatoka jasho, kumbe anapoteza lita moja na zaidi kila saa. Juu ya hayo, hewa ikipita nyuzi 35 huwa na joto kuliko ngozi, kwa hiyo haipozi tena, inaongeza moto, na mchanga nao unarudisha jua kutoka chini. Yaani Mombasa ni mahali pazuri sana pa kuzoeza moyo na tezi za jasho, lakini macho na mikono uliyotumia kujipima huku hayatakufaa kule. Utahitaji mizani.

Tuanze na kuzoeza. Mwili unaofanyishwa mazoezi kwenye joto kila siku hubadilika ndani ya siku 10 hadi 14. Maji ya damu huongezeka, moyo hupiga polepole zaidi kwa kazi ile ile, jasho huanza mapema, na chumvi iliyomo ndani yake hupungua kwa sababu tezi hujifunza kuirudisha. Wazungu wanaojiandaa wakati wa baridi hulazimika kukaa kwenye mabafu ya maji ya nyuzi 40 baada ya kukimbia ili kupata sehemu ya faida hiyo. Sisi tunayo mlangoni. Lakini kuishi kwenye joto peke yake hakutoshi. Mtu anayeshinda dukani chini ya feni, akakimbia baada ya Alfajiri na kurudi kabla jua halijachomoza sawasawa, hajazoea joto la kukimbia. Katika majuma mawili au matatu ya mwisho kabla ya safari, naomba mtu atoke kati ya saa tisa na saa kumi na moja jioni, dakika 60 hadi 90, mwendo wa kuweza kuzungumza. Atoke Bondeni, apite Makadara na Treasury Square, ashuke mpaka Mama Ngina, arudi. Asitoke peke yake. Yeyote mwenye presha, kisukari, ugonjwa wa moyo, figo au selimundu aonane na daktari kwanza, na hapo sibembelezi mtu.

Ramadhani ni habari nyingine. Miaka hii imeangukia Februari na Machi, kilele cha joto letu, na Marathon des Sables kwa kawaida huwa Aprili. Anayefunga asifanye mazoezi ya joto mchana. Atembee kwa upole nusu saa kabla ya futari, au akimbie usiku baada ya tarawehe akiwa amekwisha kunywa, na zoezi la joto lingojee baada ya Idi. Kama tarehe hazitoshi, achague mbio nyingine mwaka ule. Nimeona vijana wakijaribu kubeba vyote viwili, wakaishia kwenye dripu.

Kuhusu mizani: jipime bila nguo kabla ya kukimbia na baada ya kujipangusa. Kila kilo iliyopungua ni karibu lita moja ya maji. Ukitoka na kilo 65, ukarudi na 63.8, na njiani umekunywa nusu lita, basi umetoka jasho lita 1.7. Fanya hivyo siku ya mawingu, siku ya jua, siku ya mwendo mrefu, uandike daftarini. Baada ya majuma machache utajua mwili wako unapoteza nini, na jangwani utakunywa kwa hesabu hiyo na kwa kiu yako, wala hutabahatisha kwa kuangalia fulana.

Na usinywe kupita kiasi. Hili watu hulistaajabia, kwa sababu tumefundishwa kwamba maji hayana madhara. Uchunguzi uliofanywa kwa wakimbiaji 488 wa marathoni ya Boston ya 2002 ulionyesha kwamba asilimia 13 kati yao walimaliza chumvi ya damu ikiwa chini ya kiwango, na waliokuwa hatarini zaidi ni wale walioongezeka uzito njiani, maana yake walikunywa kuliko walivyopoteza. Mwanamke mmoja alifariki katika mbio hizo kwa sababu hiyo. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, vidole kuvimba, kuchanganyikiwa, na mwenzi asiyejua humwona mtu hivyo akamwongezea maji. Lita moja ya jasho hubeba kama nusu gramu hadi gramu mbili za sodiamu, kutegemea mtu. Irudishe kwa chakula chenye chumvi na ORS iliyochanganywa kama pakiti inavyosema. Achari kavu ya embe, ile ya pilipili na chumvi wanayouza akina mama Mji wa Kale, imewafaa watu wangu kuliko peremende nyingi za madukani, kwa kuwa tumbo lililochoshwa na vitu vitamu huikubali.

Tofautisha hilo na kiharusi cha joto. Mtu anayekimbia akianza kuyumba, kusema maneno yasiyoeleweka, au kugombana na anayemsaidia, chukulia kwamba joto la ndani limepita nyuzi 40. Usihangaike kwanza na gari. Mpoze pale pale, mmwagie maji, mpepee, mzamishe kwenye maji ya barafu kama yapo, kisha ndipo apelekwe hospitali. Dakika 30 za kwanza ndizo zinazookoa. Katika mazoezi ya kundi hapa mjini nawataka wawe na ndoo ya barafu kwenye gari la nyuma, ile barafu ya kawaida ya samaki.

Jambo ninaloligombea zaidi kuliko yote ni dawa za maumivu. Katika kila duka la dawa utapata ibuprofen au diklofenaki kwa bei ya chai, na wakimbiaji huzimeza kama karanga. Kwenye mbio ndefu za joto figo tayari ziko taabuni: damu imeelekezwa kwenye misuli na ngozi, maji yamepungua, na misuli iliyochanika imemwaga protini zinazoziba mirija ya figo. Dawa hizi hufunga njia ya mwisho ambayo figo hutumia kujipatia damu. Utafiti uliochapishwa 2017, uliofanywa kwenye mbio za siku nyingi za kilomita 250 zikiwemo za majangwani, uliwapa baadhi ya wakimbiaji ibuprofen na wengine vidonge visivyo na dawa wakati wa hatua ya kilomita 80. Dalili za figo kuumia zilionekana kwa asilimia 52 ya waliomeza dawa, dhidi ya asilimia 34 ya wengine. Waliochunguzwa hawakufika hata mia moja, lakini tazama hiyo asilimia 34: thuluthi nzima ya watu ambao hawakumeza kitu. Sasa fikiria kijana anayekimbia kuchangia wagonjwa wa figo, ameahidi kumaliza, goti limemuuma siku ya pili, na mfukoni ana vidonge kumi.

Miguu niitaje kwa ufupi, ingawa ndiyo inayowatoa wengi. Kukimbia kwenye mchanga hugharimu nishati mara 1.6 ya kukimbia ardhi ngumu, na kutembea humo hugharimu mara mbili na zaidi. Hivyo yule anayesema kilomita zake ni 60 kwa juma kwenye lami ajue kwamba jangwa halizihesabu hivyo. Vuka daraja la Nyali, nenda ufuoni maji yakiwa yamekupwa, na usikimbie pale penye mchanga uliolowa ukawa mgumu. Panda juu, kwenye mchanga mkavu unaozamisha kifundo. Anza bila mzigo, kisha kilo mbili, kisha tano. Kwenye Marathon des Sables mkoba hutakiwa uwe kati ya kilo 6.5 na 15 bila maji, kwa hiyo mgongo na mabega yafundishwe pia. Viatu viwe vikubwa kidogo kwa sababu miguu huvimba. Fundi viatu yeyote mzuri wa Mwembe Tayari anaweza kukushonea ukanda wa kubandika kuzunguka kiatu ili kifuniko cha kuzuia mchanga kishike, bora aelewe kwamba gundi peke yake huyeyuka kwa joto. Lengelenge lililoachwa siku ya kwanza huwa donda siku ya tatu.

Chakula: kanuni ya Morocco inataka angalau kilokalori 2,000 kwa kila siku, na kwa kuwa unakibeba mwenyewe, uzito ndio bei. Gramu 100 za njugu karanga zina kilokalori zipatazo 570, tende kama 280 hivi. Kashata za njugu, tende zilizotiwa lozi, unga wa uji uliokaangwa tayari, mafuta ya ufuta. Halwa ina nguvu lakini huyeyuka ikachafua mkoba mzima. Usile jangwani kitu ambacho hujakila mazoezini, na nawa mikono kabla ya kila mlo hata kama maji ni machache, kwa sababu tumbo la kuhara nalo limewatoa watu wengi mbioni. Mwaka 2021, mbio za Morocco zilipohamishiwa Oktoba, joto lilipita nyuzi 50, maradhi ya tumbo yakaenea, na takriban nusu ya washiriki wakaacha. Mkimbiaji mmoja Mfaransa alifariki kwa moyo kusimama. Wale walioacha walirudi makwao.

Hapo ndipo pesa zinapoingia.

Sisi tuna mazoea ya zamani ya kuchangiana, na njia za kuchangia zimekuwa nyepesi. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, mwezi ule ule wa mbio za Mombasa. Mwaka 2011, ukame ulipouma kaskazini, kampeni ya Kenyans for Kenya iliweka lengo la shilingi milioni 500 na wananchi wakajaza kwa simu zao. Mater Heart Run ya Nairobi, tangu miaka ya 1990, imewatoa watu barabarani kuchangia upasuaji wa moyo wa watoto. Mwaka 2014 Margaret Kenyatta, akiwa mke wa Rais, alikimbia marathoni ya London kwa ajili ya kampeni ya Beyond Zero, na kilichonunuliwa kilikuwa kitu cha kuhesabika, zahanati za magari kwa kaunti. Watu hutoa zaidi wanapoona wanachonunua.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Zachary Kimotho. Alikuwa daktari wa mifugo aliyepooza miguu baada ya kupigwa risasi na majambazi. Mwaka 2012 aliondoka Nairobi kwa kiti cha magurudumu akielekea Afrika Kusini, safari ya kilomita zipatazo 4,000, ili ipatikane hospitali ya kuwauguza waliovunjika uti wa mgongo, kwa lengo la shilingi milioni 250. Ujumbe kwa Wakenya ulikuwa wamrudishe nyumbani: changeni ili asilazimike kuendelea. Hakufika Afrika Kusini, na hiyo haikuwa kuvunja ahadi. Kila shilingi iliyoingia ilimpunguzia mateso.

Ahadi za kawaida hufanya kinyume. Tajiri husema, nitatoa shilingi elfu kwa kila kilomita, au nitatoa laki ukimaliza. Anaona amemtia mtu moyo. Machoni mwangu amemnunulia kijana sababu ya kupuuza mwili wake. Joto likianza kuharibu ubongo, kitu cha kwanza kupotea ni uwezo wa kuamua vizuri, na mtu aliyefikia hapo hawezi kupima figo zake dhidi ya karo ya mayatima thelathini. Ataendelea. Mauro Prosperi, Mwitaliano, aliendelea kukimbia ndani ya dhoruba ya mchanga mwaka 1994, akapotea siku tisa hivi, akaokotwa akiwa ameingia Algeria. Kanuni ilikuwa asimame pale pale angoje. Yeye alikuwa akipigania nafasi yake kwenye orodha tu. Mwenye mayatima mgongoni atasimama vipi?

Kwa hiyo uamuzi ufanywe mapema, nyumbani, kichwa kikiwa baridi. Mchango uwe wa safari, usiwe wa kumaliza. Ukusanywe wote kabla ya kupanda ndege na ufike kwa mwenyewe kabla ya mstari wa kuanzia. Ukifanya hivyo, siku ya mbio hakuna deni lolote lililobaki jangwani. Anayesisitiza kulipa kwa kilomita, mwombe akulipe kwa kilomita za mazoezi ya hapa Mombasa, ambazo rafiki yako anaweza kuzihesabu na kukufunika mwavuli.

Pesa za nauli, viatu na ada ya mbio zisitoke kwenye mchango. Hapa ndipo majina mema huharibika. Mbio za jangwani za ng'ambo ni ghali, na mwenye kutoa mia mbili kwa mgonjwa wa figo akija kujua kwamba nusu yake ilinunua tiketi ya ndege, hatatoa tena, wala kwa mwingine aliye mkweli. Tafuta mfadhili wa safari, mwenye duka, kampuni, ndugu walio Muscat au Dubai, umwambie wazi kwamba yake ni ya safari. Ukikosa, kimbia Laikipia, au kimbia kutoka Bondeni hadi Malindi kwa siku tatu. Jua la barabara ya Malindi linatosha kumfanya mtu afungue mkoba wake.

Pesa ziingie kwenye Paybill ya hospitali, shule au shirika lenyewe, zisiingie kwenye simu yako. Kama ni shirika, uliza cheti chake. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, iliyoanza kutumika Mei 2024, ndiyo inayoyasimamia sasa. Kama utapita na kopo msikitini, kanisani au sokoni, uliza kwanza ofisi ya serikali ya mtaa wako kuhusu kibali. Na kwa Waislamu, wengi wa wachangiaji wa Bondeni, tenganisha zaka na sadaka tangu siku ya kwanza, kwa maana zaka ina makundi yake manane ya watu yaliyotajwa na haiwezi kumwagwa popote. Namna ya kugawa nawaachia masheikh. Langu ni kwamba zikishachanganyika kwenye hesabu moja hakuna wa kuzitenganisha.

Mteue mtu mmoja, asiye mkimbiaji, awe na daftari la pesa, na mwingine asiyekuwa na haya, mama mzazi au mke au kaka mkubwa, awe na neno la mwisho la kukuambia acha. Andikeni pamoja sababu zitakazokutoa: mkojo wa rangi ya kahawa, kutapika kila unachokunywa, kushindwa kutaja jina la hema lako, uzito kupungua zaidi ya kiwango mlichokubaliana na daktari. Karatasi hiyo itiwe sahihi na familia na nakala apewe kila mchangiaji mkubwa. Nimemwona mfanyabiashara mmoja wa Biashara Street akiisoma, akaikunja, akatoa mara mbili ya alichokusudia, akasema huyu anajua anakokwenda.

Ukirudi, umemaliza au hukumaliza, nenda ukapimwe damu na mkojo kabla ya karamu yoyote, kwa kuwa madhara ya figo huweza kujificha siku kadhaa. Kisha hesabu ibandikwe ubaoni: kiasi kilichoingia, kilichonunuliwa na risiti zake. Kilomita ulizokwenda ziandikwe chini kabisa, kwa herufi ndogo, kama mtu atataka kujua.